Akafa, Akazikwa: Namna Ngano Zinavyompa Mtoto Habari za Kifo na Huzuni

Katika nyumba nyingi za Nairobi, mtoto mdogo hupewa habari za kifo kwa maneno ya safari. Nyanya ametutoka, babu ametangulia, mjomba ameaga dunia. Hata neno kufariki, tunaloliona kuwa la wazi, lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kutengana. Kwa mtu mzima maneno haya ni heshima kwa marehemu na kwa wafiwa. Kwa mtoto wa miaka minne ni taarifa, na mji wenyewe humthibitishia kwamba taarifa hiyo ni ya kweli. Kwa kuwa familia nyingi huwazika watu wao mashambani, mtoto huona jeneza likipakiwa garini alfajiri, watu wazima wakibeba mablanketi na sufuria, msafara ukishika barabara ya kwenda Nakuru au Thika, na siku mbili baadaye watu wale wale wakirudi isipokuwa mmoja. Akiuliza nyanya atarudi lini, hajakosa adabu wala si mzito wa kuelewa. Ameufuata usemi wetu hadi mwisho wake.

Ngano haitumii maneno hayo. Katika mkusanyiko wa ngano za Waswahili wa Unguja ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870, kisa cha Sultani Darai kinaanza na mume, mke na binti yao. Mke anaugua, anakufa, mume anaoa mwingine, na yote hayo yamekwisha kabla msikilizaji hajajiweka sawa kwenye mkeka. Hakuna aliyetangulia wala aliyepumzika. Mtu amekufa, na kisa kinaendelea.

Nguvu ya usemi huo imo katika kiambishi -ka-, ambacho kila msimuliaji wa Kiswahili hukitumia bila kufikiri. Akaugua, akafa, akazikwa, matanga yakaondolewa, baba akaoa. Kitenzi chenye -ka- hushikana mkono na kilichokitangulia na kinachokifuata, kwa hiyo mtoto anayesikia "akafa" husikia papo hapo kwamba kuna jambo jingine linakuja. Ngano haimfasirii mtoto kifo ni nini. Inamweleza kwamba ni tukio, kwamba lilimpata mtu fulani siku fulani, na kwamba waliobaki waliamka kesho yake wakiwa na njaa na kazi za kufanya. Hapo ndipo inapomfaa. Inapomkanganya, kama tutakavyoona, humkanganya mahali pengine kabisa na pale ambapo wazazi wengi huogopa.

Kwanza ni lazima tujue mtoto anakielewa kifo kwa kiasi gani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya watoto 378 wa Hungaria, wenye umri wa kati ya miaka 3 na 10, waliozungumza, kuchora na kuandika kuhusu kifo. Alikuta kwamba walio chini ya miaka 5 hukiona kama usingizi au safari, yaani hali inayoweza kugeuka. Waliowafuata kwa umri walikifanya kuwa mtu anayekuja kuchukua watu. Na ni wale wa miaka 9 na zaidi waliokiona kuwa mwisho wa uhai unaompata kila mtu. Umri huo umejadiliwa sana tangu wakati huo, na yule "mtu anayechukua watu" hakuonekana kwa watoto wa kila mahali. Mark Speece na Sandor Brent, walipopitia tafiti nyingi mwaka 1984, walilitenga wazo la kifo katika sehemu tatu ambazo mtoto huzipata polepole: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi zote, hata za kuhisi baridi na njaa, na kwamba kila kilicho hai kitafika huko. Watoto wengi, walisema, huzifikia kati ya miaka 5 na 7. Huo ndio umri wa chekechea na madarasa ya kwanza, na ndio umri wa ngano.

Mzazi anayefungua kitabu cha ngano kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa mama waliokufa. Vladimir Propp, aliyechambua ngano za Kirusi mwaka 1928, aliliweka tukio la mmoja wa jamaa kuondoka nyumbani mwanzoni kabisa mwa mfululizo wake, na akakihesabu kifo cha wazazi kuwa namna iliyokolea ya kuondoka huko. Sababu moja ni ya ufundi tu. Mtoto mwenye mama mzima, macho na mkali hawezi kuachwa aingie msituni peke yake, na asipoingia msituni hakuna kisa. Sababu nyingine ni ya historia, kwani wasimulizi na wasikilizaji wa zamani, Ulaya na kwetu pia, waliishi katika nyumba ambamo uzazi uliua wanawake mara kwa mara. Mama wa kambo hakuwa kiumbe cha kubuni. Alikuwa jirani.

Hata hivyo, baadhi ya mama hawa waliuawa na wahariri. Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812, aliyetaka kumwua binti mweupe kama theluji alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la mwaka 1819 mama huyo anafariki mapema na mahali pake panachukuliwa na mama wa kambo. Mama aliyesisitiza Hansel na Gretel watelekezwe msituni naye aligeuzwa kuwa wa kambo katika toleo la 1840. Nia ilikuwa kulinda heshima ya mama mbele ya watoto, na kwa upande mmoja ilikuwa ya busara, maana mtoto anaweza kumkasirikia yule mwovu wa kitabuni bila kuhisi kwamba amemkosea aliyempakata. Lakini deni lake analilipa mtu mwingine. Nairobi watoto wengi hulelewa na mke wa pili wa baba, na shangazi, na nyanya aliyetoka mashambani kuja kusaidia. Na mimi ninaposoma visa hivyo mbele ya watoto nisiowajua, husema "mwanamke mmoja" na kuliacha neno kambo lilale kitabuni.

Huzuni ni jambo jingine, na ndilo ambalo ngano hulishughulikia kwa ustadi mkubwa zaidi. Mtaalamu wa Uswisi, Max Lüthi, alionyesha mwaka 1947 kwamba ngano za Ulaya hazielezi yaliyo moyoni. Hisia hugeuzwa kuwa kitendo au kitu kinachoonekana. Katika kisa cha Grimm cha binti wa majivuni, hatupewi aya moja ya maelezo kuhusu uchungu wa kufiwa. Tunaambiwa kwamba alipanda tawi juu ya kaburi la mama yake, akalinyweshea kwa machozi yake, likakua mti, naye akawa anaenda pale mara tatu kila siku kulia na kuomba. Mtoto wa miaka mitano hawezi kueleza huzuni, lakini anajua maji hufanya nini kwa mmea.

Ngano zetu hufanya vivyo hivyo, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa yule paa wa Sultani Darai. Maskini Hamdani, mtu anayechakura jaani kama kuku, anaokota thumuni na kumnunua paa mdogo. Paa huyo anasema, anapata almasi, anamwendea sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, anaua joka lenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya joka hilo. Kisha paa anaugua. Anamtuma kizee akamwambie bwana, na bwana anajibu kwamba apewe uji wa mtama mwekundu, kwa kuwa paa mwenyewe alinunuliwa kwa thumuni. Kizee anarudi na kwenda tena. Mke wa Hamdani anaona aibu na kumsihi mumewe. Jibu ni lile lile, uji ule ule. Paa anakufa, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Mke anamwandikia baba yake kwa siri, na sultani anakuja na watu wake kumlilia yule mnyama kama anavyoliliwa mtu. Mwishoni mke anaota yuko kwao, akiamka yuko kwao. Hamdani anaota yuko jaani, akiamka yuko jaani, anachakura.

Hakuna mahali paa anasema kwamba amevunjika moyo. Kuna bakuli. Nimewasimulia watoto kisa hiki mara nyingi, na kila mara ukimya huingia pale uji unapoletwa kwa mara ya pili, wala si pale joka linapokatwa vichwa saba. Mtoto ambaye jana alipewa chakula na mtu aliyekuwa akiangalia simu analijua bakuli hilo. Kifo cha paa kinamfundisha pia kitu ambacho watu wazima hukisahau wanapomhurumia mtoto: huzuni haisababishwi na kifo peke yake, na huenda ikaanza siku nyingi kabla yake.

Kisha kuna wimbo. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki uchungu mkubwa huimbwa, hausemwi, na wanaouimba si mhusika peke yake bali wote walioketi. Binti anaimba kaburini, au ndege anaimba juu ya mti, na watoto wanaitikia kibwagizo mara tatu, mara nne, hadi sauti zinalingana. Mtoto aliyefiwa hatakiwi kueleza anavyojisikia. Anaitikia pamoja na wenzake, na akichoka ananyamaza wengine wakaendelea. Kitabu chenye picha, hata kiwe kizuri namna gani, hakina njia ya kufanya hivi isipokuwa msomaji akitie wimbo yeye mwenyewe.

Ngano inayokaribia zaidi msiba wa watoto wenyewe imo pia katika mkusanyiko wa Steere, nayo ni ile ya mwalimu Goso. Goso huwasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda kuiba mabuyu, buyu moja linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, mwalimu anakufa. Wanafunzi wanamzika, kisha wanaondoka kumtafuta aliyemwua. Wanaukamata upepo wa kusi: wewe ndiwe uliyeangusha buyu likampiga mwalimu wetu, nao wanaupiga. Upepo unajibu kwamba lau ungekuwa na nguvu hivyo, usingezuiwa na kiambaza. Wanakiendea kiambaza, kiambaza kinamtaja panya anayekitoboa, panya anamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe mdudu amsumbuaye, na mdudu anamtaja paa. Paa hana neno. Wanamwua, na kisa kimekwisha.

Wakusanyaji wengi huiweka ngano hii katika kundi la visa vya mnyororo, vinavyozoeza watoto kumbukumbu, na hilo ni sahihi. Mimi nilikuja kuiona kwa jicho jingine usiku mmoja mtaani Umoja, stima zilipokuwa zimepotea na mpwa wangu wa miaka mitano amelala ubavuni pangu. Babu yake mzaa mama alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Tulipofika kwenye kiambaza aliniuliza, "Shangazi, kwani upepo walimpiga bure?" Nikamwambia ndiyo, bure kabisa, upepo haukuwa umefanya kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku ile babu alipopiga simu yeye alikataa kumsalimu kwa sababu alikuwa akitazama katuni.

Watoto wa umri huo mara nyingi hudhani kwamba fikira zao, hasira zao au ukaidi wao unaweza kusababisha mambo, na anapokufa mtu wao hupekua siku zilizopita kutafuta kosa. Goso inaufanya upekuzi huo hadharani. Inaonyesha watoto wenye uchungu wakimpiga kila wanayemkuta njiani, na kila anayepigwa akijibu kwa adabu kwamba si yeye. Kabla ya paa kufikiwa, kuna viumbe na vitu kumi ambavyo havina hatia. Sipendi mwisho wake, nao haujawahi kumpendeza mpwa wangu. Hata hivyo tumekubaliana kutoubadilisha, kwa kuwa tukiusogeza tu tunajikuta tunabishana kuhusu paa badala ya kuhusu upepo.

Kifo cha adui hakihitaji maneno mengi. Katika kisa cha Wagĩkũyũ cha mke wa mhunzi, mwanamke anajifungua akiwa peke yake, zimwi linajifanya mkunga na kula chakula chake, hadi njiwa aliyelishwa mbegu za mbarika anaruka hadi kiwandani kumwimbia mhunzi kwamba mkewe amejifungua na mkunga wake ni zimwi. Mhunzi anarudi, zimwi linauawa, na watoto wanapiga makofi. Wazazi hushtushwa na makofi hayo kuliko inavyostahili. Mtoto hahesabu zimwi kuwa marehemu. Amesikia kwamba hatari imekoma na kwamba sasa mama atakula.

Ugumu wa kweli uko kwa wale wanaorudi. Katika masimulizi ya jamii nyingi za Kenya, zimwi linalokaribia kufa huagiza likatwe kidole cha mwisho, na humo wakatoka watu, ng'ombe na mbuzi wote liliowameza, wazima. Ulaya nako hali ni hiyo. Charles Perrault, alipochapisha kisa cha msichana wa kofia nyekundu mwaka 1697, alikikatiza pale mbwa mwitu anapomla. Katika toleo la Grimm mwindaji anampasua mnyama tumbo, na bibi na mjukuu wanatoka hai. Yule mweupe kama theluji analala katika jeneza la kioo hadi kipande cha tofaa kinapomtoka kooni. Visa hivi havimdanganyi mtoto mdogo. Vinakubaliana naye, kwani anavyokiona kifo ndivyo visa vinavyokieleza. Kwa kawaida hakuna dhara, maana atakua na kuviacha.

Dhara huja pale nyumba nayo inaposema hivyo hivyo. Mtoto aliyeambiwa kwamba babu amelala, akainuliwa aone uso wake ndani ya jeneza lenye kioo kidogo juu, na wiki ile ile akasomewa kisa cha binti aliyeamka jenezani, amepewa hoja tatu zinazoafikiana, na zote zinamwongoza kwenye kosa moja. Kinachosaidia ni kuacha kusema amelala, wala si kukificha kitabu. Mtoto akiambiwa waziwazi kwamba babu amekufa, kwamba mwili wake hauhisi baridi wala giza la kaburi na hautaamka, anaweza kusikiliza kisa cha jeneza la kioo akijua kwamba mambo ya hadithini si ya nyumbani. Wazee waliujengea mpaka huo mlango wake: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Neno uongo limo humo makusudi, na msomaji wa kitabu anayeanza moja kwa moja na ukurasa wa kwanza amelipita bila kulitamka.

Zipo pia ngano zinazokana kurudi huko kabisa. Katika masimulizi ya Wakamba, Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba watakufa na kufufuka. Kinyonga alifika, akasimama mbele ya watu, akaanza kubabaika, niliambiwa, niliambiwa, na kabla hajamaliza ndege akadakia kwamba watu watakufa kama mizizi ya mshubiri na hawatarudi. Ngano hii inamfaa mtoto wa miaka saba au nane aliyekwisha kuuliza kama yeye naye atakufa. Inampa jibu la ndiyo, na inamwachia mtu wa kumkasirikia ambaye si daktari, si baba, wala si yeye mwenyewe.

Ngano za Hans Christian Andersen, ambazo huuzwa rafu moja na za Grimm katika maduka ya vitabu ya katikati ya jiji, ni za ukoo mwingine. Zile za Grimm zilitoka kwa wasimulizi, ingawa Wilhelm alizipamba. Kisa cha binti muuza viberiti, cha mwaka 1845, kilitoka kwa mwandishi, na huzuni yake ni ya mtu mzima anayemtazama mtoto kwa mbali. Binti anaganda kwa baridi usiku wa kuamkia mwaka mpya, anamwona bibi yake katika mwanga wa kiberiti, anakufa akitabasamu. Kisa kinakoma hapo, bila -ka- nyingine isipokuwa ile ya wapita njia wanaoukuta mwili asubuhi. Ni maandishi mazuri. Singemsomea mtoto wa miaka minne, na hasa yule ambaye bibi yake amezikwa juzi, kwa sababu ndani yake kumfuata marehemu kumefanywa kuwa faraja.

Vilevile kuna kisa kifupi cha Grimm cha shati la maziko, ambacho watu hupenda kukitaja katika misiba. Mtoto wa miaka saba amekufa, mama yake analia usiku na mchana, hadi mtoto anamtokea akiwa na shati alilozikwa nalo na kumwomba anyamaze, kwa kuwa shati halikauki kwa machozi yake. Mama ananyamaza, na usiku unaofuata mtoto anakuja na mshumaa mkononi kumwonyesha kwamba shati limekaribia kukauka. Kisa hiki kimetungiwa mama. Akisimuliwa mtoto aliyefiwa, hasa mvulana ambaye tangu matanga yaanze ameambiwa na kila mgeni kwamba yeye ni mwanamume asilie, atasikia kwamba machozi yake yanamwumiza marehemu, nao ni mzigo ambao hakuna ngano ya kwetu niijuayo inayomtwika.

Wasimulizi wa pwani walikuwa na desturi ya kufunga kisa kwa maneno ambayo vitabu vya watoto vya siku hizi huyaacha: kikiwa kizuri, uzuri wake ni wetu sote; kikiwa kibaya, ubaya ni wangu mimi niliyekisimulia. Mpwa wangu amekwisha kuyakariri. Usiku ule wa Umoja nilipoyatamka aliuliza kama ubaya huo ni pamoja na paa, nikasema ni pamoja na paa, akageukia ukutani.